Kiangazi Tulicholipia Paa

Juma lililopita lori lilimwaga kokoto kwenye kiwanja cha binti yangu kule Mkolani, anakojenga. Nilikuwa nimewapelekea mafundi chakula. Nikainama, nikaokota kijiwe kimoja, nikakipeleka puani. Fundi mmoja akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Bibi, unanusa mawe? Hiyo njaa au mimba?"

"Mimba nilizimaliza wewe hujaota meno," nikamwambia. "Kokoto yako hii ni ya mashine. Hainuki kitu."

Alidhani namtania. Kokoto iliyopondwa kwa mkono inanuka, nakwambia. Inanuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na ukiiponda kutwa nzima harufu ile inakaa kwenye nywele, inakaa kwenye ugali, unalala nayo. Mimi nimelelewa ndani ya harufu hiyo. Wewe ni mtu wangu, sogeza kigoda nikusimulie.

Usisikie "bibi" ukadhani naleta habari za enzi za Mjerumani. Nilizaa mapema, binti yangu naye hakuchelewa, ndiyo maana nina wajukuu wanne na meno yangu yote. Haya ni ya miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa. Wakubwa walituambia zamani pesa ilikuwepo, sabuni ndiyo haikuwepo. Sasa sabuni ikajaa madukani, ya kijani, ya waridi, yenye picha ya mwanamke anayecheka, na pesa ndiyo ikapotea.

Tulikaa Ilemela, juu ya kilima cha mawe, kwenye nyumba ya matofali ya udongo iliyobanwa katikati ya majabali mawili kama jino. Ukitazama chini, ziwa. Ukitazama juu, ndege inashuka uwanjani, tumbo lake unaona kama utalifikia kwa fimbo. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba. Mwaka mmoja akaezua nyasi, akaezeka mabati mapya, bando mbili, yakang'aa hata jirani akalalamika kwamba yanampofusha. Sisi watoto watatu tukatembea kifua mbele. Hatukujua kwamba yamekopwa.

Kisha kinu kikapata mwenyewe mpya na watu wakapunguzwa kazi. Baba akarudi na bahasha. Bahasha ikaisha. Akasema anakwenda Geita kwenye dhahabu, miezi mitatu tu. Mara ya kwanza alituma pesa kwa mkono wa mtu. Mara ya pili alituma sukari kilo mbili. Mara ya tatu zikaja habari, kwamba ameonekana, amenenepa, ana mke. Baada ya hapo hata habari zikaacha kuja.

Aliyekuja ni mwenye mabati.

Alikuwa mzee wa mjini mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kanzu safi, kofia safi. Alipanda kilima kile mwenyewe akihema, hakutuma mtu, na kwa hilo mama alimheshimu mpaka mwisho. Akapewa kigoda na maji. Akanywa. Kisha akasema:

"Mama watoto, mumeo nilimkopesha kwa sababu ya uso wake. Uso siuoni tena. Ninachokiona ni paa."

"Unataka kuezua?"

"Sitaki. Lakini vuli ikianza kila mtu anatafuta bati, hata lililotumika lina bei. Mvua ya kwanza ikikukuta hujamaliza, vijana wangu watapanda juu."

Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua uso. "Deni nalichukua mimi."

"Una kazi gani, mama?"

"Nina mikono."

Mzee akaitazama mikono yenyewe. Akatutazama sisi, akatazama majabali yaliyotuzunguka. "Haya," akasema. "Mpaka mvua." Akashuka na kanzu yake ameikunja mkononi isishike vumbi.

Jirani yetu alikuwa ameshasikia kila neno, maana masikio yake hayakuwa na mlango. Huyo alikaanga mapanki na kuyauza. Mapanki ni yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Wao wanakula samaki, sisi tunafyonza kichwa. Alikuja mbio na mwiko wake mkononi.

"We mwanamke una wazimu! Deni la mwanaume aliyekimbia linakimbia naye. Mwache mzee aezue, rudisha nyasi, ulale."

"Chini ya nyasi nimelala miaka tisa," mama akamjibu. "Zinavuja, na nyoka anazipenda kunishinda mimi."

Kesho yake mama alianza kuipunguza nyumba kama mtu anayepogoa mti. Sukari ndiyo iliyoondoka kwanza. Mdogo wangu wa kiume alilia siku mbili, siku ya tatu mama akamtilia chumvi kidogo kwenye chai, akasema hivyo ndivyo wanavyokunywa wanaume wanaovua. Akanywa, mjinga yule, akaomba tena! Mkaa nao ukaondoka. Tukawa tunakwenda kwa seremala kuokota maranda, tunayashindilia ndani ya kopo kubwa la rangi, katikati tumesimamisha chupa, na pembeni chini tumetoboa mdomo wa kutilia moto. Ukishashindilia unaichomoa chupa taratibu, taratibu kabisa, kama unamtoa mtoto mgongoni amelala, kunabaki tundu, na humo moto unapita. Kopo moja lilipika maharage mpaka yakaiva. Ukiichomoa kwa pupa, maranda yanaporomoka na mnalala na uji. Nimezichomoa chupa nyingi mimi. Mpaka leo sijui kufungua kitu chochote kwa haraka.

Sabuni ya mche mama aliikata kwa uzi vipande kumi na viwili, kila kipande siku mbili. Ugali ukawa wa udaga, ule muhogo wa kuvundika, mweusi, unanata, unashuka tumboni kama jiwe na kukaa humo kwa adabu. Chakula kililiwa jua lingalipo ili koroboi isiwashwe. Nyama tuliisahau jina. Mapanki jirani alitupunguzia bei, akidai ni yale yaliyoungua, lakini nilimwona akichagua mazuri. Mama alikuwa na msemo, ukilalamika tu anakupiga nao: "Tumbo halina ushahidi." Maana yake, ukishashiba hakuna atakayekuuliza umeshiba nini.

Kitu kimoja tu alikataa kukigusa, madaftari. Lakini shuleni michango ilikuwa imerudi, na sare, na dawati, na sisi tulikuwa watatu. Nilikuwa darasa la tano, nazijua hesabu zangu. Asubuhi moja nikavua sare, nikamvalisha mdogo wangu wa kike, ikamfika visiginoni, nikamwambia nenda. Mama akanizaba kofi. Nikasimama palepale. Akanizaba la pili. Nikamwambia, "Mama, mkono huo ungekuwa umeshika nyundo tungepata kokoto nusu debe." Akaketi chini. Akasema, "Mwaka mmoja tu. Unanisikia? Mwaka mmoja."

Hivyo ndivyo nami nilivyopunguzwa kazi.

Machimbo yalikuwa nyuma ya nyumba. Wanaume walikusanya kuni na matairi mabovu juu ya jabali, wakawasha, moshi mweusi ukasimama kama mnazi. Jabali likishapata moto linamwagiwa maji, linapiga kelele, kelele ya kweli, halafu linapasuka. Wakaja na mitalimbo, wakabandua vipande. Vipande vile vilikuwa vyetu sisi wanawake. Unakaa chini, miguu umeitandaza, jiwe unalizungushia pete ya mpira wa tairi lisirukeruke, unaponda. Siku ya kwanza unajiponda vidole. Siku ya pili unajiponda palepale. Juma la tatu vidole vinakuwa na akili yao, vinajiondoa vyenyewe. Mama alinifunga kitambaa usoni chembe zisiniingie machoni, nami nikamfunga yeye. Chini kule wanawake walikuwa wanaanika dagaa kwenye mchanga, upepo ukipanda unatuletea harufu yao, nasi tunawarushia vumbi letu. Tulipimiwa kwa debe. Lori likijaa tunalipwa, lisipokuja tunalitazama lundo.

Kila tulipolipwa mama alikwenda dukani kwa mzee siku hiyohiyo, kabla pesa haijazoea mkono. Juni, Julai, Agosti. Septemba deni lilikuwa limebaki mkia, na mkia ule mama aliufungia kamba kwenye mguu wa jogoo.

Alikuwa jogoo mwekundu, mkubwa, mkorofi, anafukuza hata mbwa. Mwenye hoteli kule barabarani alikuwa amemtaka kwa ajili ya harusi, akatanguliza nusu ya bei, na nusu hiyo ilikuwa imeshakwenda dukani kwa mzee. Jumamosi angekuja kumchukua, atoe nusu iliyobaki, na hiyo pamoja na lori moja zingemaliza kazi.

Alhamisi akaja bibi.

Bibi mzaa baba. Alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema, kichwani kikapu cha matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha ambavyo unavitafuna mpaka taya linakuuma na bado unaomba. Mama alikuwa kule chini tangu alfajiri akisubiri lori. Nilikuwepo mimi. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, nikampokea kikapu, nikampa maji. Miguu yake ilikuwa na vumbi la njia nzima. Sasa wewe niambie. Mama mzazi wa baba yako amevuka ziwa kukuona. Utampa udaga na mafupa ya kuungua? Kwetu Usukumani mgeni wa aina hiyo hukaribishwa kwa kuku, na hata mtoto anayetambaa anajua. Niliwaza deni, sikulisahau. Lakini niliona deni ni la mtu mmoja, aibu ni ya ukoo. Nikamkamata jogoo, akanichana mkono, nikampeleka kwa fundi baiskeli wa jirani akanichinjia, maana kwetu mwanamke hachinji.

Mama aliinusa mboga akiwa bado njiani. Niliona hatua zake zikipungua. Akaingia, akampigia bibi magoti, wakasalimiana salamu ndefu ya Kisukuma yenye kuuliza mpaka ng'ombe. Kisha akaja jikoni, akafunua chungu, akanitazama. Sikupigwa. Afadhali ningepigwa.

"Umefanya vema," akaninong'oneza. "Umeniua, lakini umefanya vema."

Tukaandaa. Firigisi ya kuku ni ya mwanaume mwenye nyumba, hilo halina mjadala, na mwenye nyumba hakuwepo. Nikaiweka kwenye bakuli la mama yake. Bibi akaiona. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza kama mtu anayekagua shanga, kisha akanyoosha mkono akaiweka upande wa mama, juu ya ugali.

"Kula, mayu," akamwambia, yaani mama kwa Kisukuma.

"Hapana, mama, hiyo ni ya..."

"Ni ya mwenye nyumba. Nimeingia, nimetazama, nimemwona mmoja tu. Kula."

Mama hakuwa mtu wa kulia. Aliitafuna firigisi ile machozi yanashuka, akasema ni pilipili. Hatukuwa na pilipili.

Hapo mdogo wangu wa kike, mdomo umejaa paja, akasema, "Bibi, huyu kuku ni wa mwenye hoteli. Sasa mzee atatushushia paa."

Bibi akaacha kutafuna. Akauliza, akaambiwa yote, mabati, Geita, yule mke. Habari za mke alikuwa amezisikia, ndiyo maana alivuka. Za deni hakuzijua. Akanawa mikono polepole.

Asubuhi tulimkuta machimboni. Amejifunga kanga kiunoni, ameketi kwenye lundo letu, ameshika nyundo yangu. Mama akaruka kama ameona nyoka. Mkwe kuponda mawe na mkaza mwanawe anatazama! Akamwomba, akampigia magoti kwenye mawe yale makali. Bibi akaendelea kuponda. Jirani wa mapanki, nani angemzuia, akapaza sauti kilima kizima:

"Jamani, njooni muone! Siku hizi wakwe wanapondeshwa kokoto!"

Bibi hakugeuka. "Aliyekopa nilimnyonyesha mimi. Wewe hapa ulimnyonyesha nani?"

"Mimi nimesema tu, bibi."

"Basi sema huku unaponda. Mikono ya kukaangia mifupa haishindwi na mawe."

Watu walicheka mpaka mitalimbo ikaanguka. Jirani alisimama pale, kisha akaenda, tukajua amenuna. Akarudi na nyundo na sinia la mapanki ya moto, hakudai hata senti, akaponda mpaka jioni, na mdomo wake nao ukiponda. Alikuja kila siku.

Mwenye hoteli alipokuja Jumamosi mama alimweleza ukweli. Akafoka, akasema anataka pesa yake au kuku, na kuku tulikuwa tumeshamla. Akatupa siku kumi. Sasa tulikuwa na madeni mawili, na kule ziwani, kila alasiri, mawingu yakaanza kusimama upande wa visiwa. Bibi aliyatazama kama mtu anayetazama mgeni asiyealikwa, akaanza kujaza debe lingine. Siku ya saba upepo uliezua banda la kuku la fundi baiskeli. Siku ya nane ngurumo. Lundo letu lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, na lori halikuja. Nilimwona mama akipanda juu ya jabali mara kwa mara kutazama barabara.

Siku ya tisa lori likaja. Tulipakia kwa karai, bibi naye, jirani naye. Mama akapokea pesa, akapita kwa mwenye hoteli akamrudishia yake, akanishika mkono tukaenda mjini kwa miguu, nauli ya nini. Njia nzima vumbi linatukimbiza na mbingu nyeusi kama sufuria.

Mzee alituona akasimama. Akahesabu, akatikisa kichwa, akatoa kitabu cha risiti akaandika. "Mama, umemaliza. Mabati ni yenu."

Mama alikuwa hajui kusoma. Alinipa karatasi. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Tarehe. Mabati, bando mbili. Imelipwa yote. Imepokelewa kutoka kwa, na hapo palikuwa na jina la baba.

"Nani?" mama akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

Nikarudia.

"Futa."

"Mama, ni kwa sababu kitabuni ndivyo..." mzee akaanza.

"Mzee wangu, wewe ulisema uso wake huuoni. Sasa jina lake umeliona wapi? Andika langu."

Dukani kulikuwa na wateja, wote wakageuka. Mzee akaichana karatasi ile, akaandika nyingine, akaniuliza herufi za jina la mama moja moja, nami nikamtajia. Nilisimama wima siku ile kama mwalimu mkuu. Mama akanitaka nisome tena mara mbili, kisha akaiingiza kifuani.

Mvua ilitukuta kwenye mwinuko wa mwisho. Hatukukimbia. Tulipofika, bibi na wadogo zangu walikuwa ndani, kelele ya bati imejaa chumba hata wanaongea kwa vidole. Mama aliketi kizingitini, ameloa chapachapa, mikono ameilaza mapajani, viganja juu. Sikuwahi kumwona ameketi hivyo, mikono haina kitu. Bibi alikuja akasimama nyuma yake, akamfunika kanga. Mvua ilipokatika mama akanyanyuka, akakamua gauni. "Haya," akasema. "Kesho tena. Hawa wana shule."

Mwaka wangu mmoja haukurudi. Januari wadogo zangu walihitaji viatu, Januari iliyofuata kitu kingine. Mmoja leo ni muuguzi, mwingine anafundisha. Mimi niliishia darasa la tano, na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nimewahi kukaa nje ya mkutano wa wazazi kwa sababu waligawa karatasi za kujaza. Wala asikudanganye mtu kwamba umaskini ule ulikuwa mtamu. Haukuwa mtamu. Ila mle ndani sote tulijua tunataka nini, hata yule mdogo wetu wa mwisho. Leo nyumbani kwangu kuna watu sita na matakwa sita, kila mtu amelishika lake kiganjani, ndani ya simu, linamwangaza uso.

Bibi alitangulia zamani. Jirani alirudi kwao Musoma. Kiwanja tulikiuza mama alipofariki, mwenyewe mpya akashusha mabati yale yakiwa yamekula kutu, akajenga ghorofa. Sikwenda kuangalia.

Lakini kabla hajafa, mama alinishika mkono kitandani. Alikuwa na neno. Akasema ule mwaka wangu wa shule unamkaba, amenikosea, nimsamehe.

"Mama," nikamwambia, "usiniibie. Wewe hukuuchukua. Niliutoa mwenyewe."

Akanitazama kwa macho yake yale yaliyozoea kupima debe kama limejaa au limepunjwa. Akaona limejaa. Akaniachia mkono, akageukia ukutani, akalala.